Kuacha, kwa Kiaramu

Ijumaa Kuu kanisani kwetu watu saba hugawana yale maneno saba ya msalabani, kila mtu na lake. Mwaka ule neno la nne alipangiwa shangazi yangu. Alisimama, akavaa miwani, akaanza vizuri tu: "Na saa tisa Yesu akapaza sauti yake kwa nguvu…" Akayavuka yale maneno ya kigeni, Eloi, Eloi, lama sabakthani, bila kujikwaa, maana alikuwa ameyafanyia mazoezi jikoni juma zima huku akichambua mchicha. Kilichomshinda ni Kiswahili. Alipofika "mbona umeniacha" sauti ikakatika. Akabaki ameshika Biblia kwa mikono miwili, kidole gumba juu ya mstari, na kanisa zima kimya. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Shangazi aliachwa wakati mtoto wake wa tatu alikuwa bado hajaachishwa ziwa. Alirudi kutoka kliniki akakuta mlango una kufuli jipya.

Nimeandika "aliachwa" na "hajaachishwa" katika sentensi moja, na sidhani kama kuna msomaji aliyesita. Ndivyo kitenzi hiki kilivyo kwetu. Basi linatuacha stendi. Mlevi anaacha pombe. Marehemu ameacha mjane na watoto watano, na shamba amewaachia wanawe. Mama anamwambia mkubwa, "Mwache mwenzio alale." Polisi wamemwachia kwa dhamana. Mfungwa ameachiliwa. Mume amemwacha mke. Ni neno moja, na ndani yake mna msiba, ruhusa, urithi, uhuru na talaka.

Nilipoanza kujifunza Kisiria, ambacho ni Kiaramu cha makanisa ya Mashariki, sikutarajia kukutana na neno hilohilo. Nilikuwa nasoma kwa kitabu cha kuazima na rekodi za sala, jioni baada ya kazi, herufi baada ya herufi kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha siku moja nikagundua kwamba kitenzi kilichofichwa ndani ya "sabakthani" kinafanya karibu kazi zote ambazo "acha" inazifanya kwetu. Tangu siku hiyo siwezi kuisikia Ijumaa Kuu kama nilivyokuwa nikiisikia.

Kitenzi chenyewe ni *shebak*. Mzizi wake ni konsonanti tatu, sh, b na k, na k hiyo ni ile ya kooni, qaf ya Kiarabu. *Shebakt* ni "uliacha". Ukibandika *-ani* mwishoni, unapata *shebaktani*, "uliniacha". Ona jinsi vipande vinavyolingana na vyetu. Sisi tunasema u-me-ni-acha: wewe, wakati, mimi, tendo. Wao wanaanza na tendo, kisha wewe, kisha mimi. Ile *-ni* yao na *-ni-* yetu zimefanana kwa bahati tu, kwa kuwa Kiaramu ni ndugu wa Kiarabu na Kiebrania, na Kiswahili ni cha Kibantu. Hata hivyo, mara ya kwanza nilipoliandika neno hilo kwenye daftari na kuvikata vipande vyake kwa penseli, niliitazama ile -ni kwa muda mrefu. Mtu aliye msalabani anajitaja kwa silabi moja, ya mwisho, ileile ambayo mtoto wa Kiswahili anaitumia kusema "nipe".

Kigiriki hakina sauti ya sh. Ndiyo maana Marko na Mathayo, walioandika kwa Kigiriki, walilazimika kuandika s, na ile k ya kooni ilipokaa mbele ya t zote mbili zikapumuliwa. Tukapata "sabakthani" kupitia kwao. Sisi tulio na sh ya kutosha katika kila sentensi tumeipokea bila sh. Si kosa la wafasiri wetu, walifuata maandishi waliyokuwa nayo. Lakini ukitaka kuusogelea mdomo uliotamka, sema *shebaktani*, uvute pumzi kwenye ile sh.

Na wafasiri wa Union Version, Biblia iliyokamilika mwaka 1952, walifanya jambo moja ambalo nawashukuru nalo kila Pasaka. Hawakuandika "kwa nini umeniacha". Waliandika "mbona". Kwa nini ni swali la mtu anayetaka sababu. Mbona ni swali la mtu aliyetegemea kingine. Mtoto akirudi shule akakuta sahani yake tupu hasemi "kwa nini hakuna chakula", anasema "mbona hamjaniwekea?" Ndani ya mbona mna uhusiano, mna madai, mna "hatukuzoeana hivi".

Sasa, kuna ujumbe ambao huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila Kwaresima. Unasema kwamba Biblia zetu zimekosea, kwamba kwa Kiaramu halisi Yesu hakulalamika, bali alisema: "Mungu wangu, kwa ajili ya hili nilisazwa." Tafsiri hii ilienezwa na George Lamsa, Mwashuru aliyekulia katika lugha hiyo na kwenda Marekani, ambaye Biblia yake nzima ya Kiingereza kutoka Kisiria ilitoka mwaka 1957. Wanaousambaza hawana nia mbaya. Ni watu wanaompenda Yesu na hawavumilii kumsikia akisema alichosema. Mwanakwaya mwenzangu alinitumia akiwa ameongeza mikono miwili ya sala. Nilikaa na simu mkononi nikijua nitamjibu, ila kwa upole.

Ni kweli kwamba *shebak* inaweza kumaanisha kusaza, kubakiza. Nitafika hapo, maana ni moja ya maana zake nzuri mno. Lakini katika *shebaktani* mtendaji yupo wazi, ni wewe, na mtendwa ni mimi. Hakuna nafasi ya "nilisazwa". Isitoshe, Marko mwenyewe hakutuacha tukisie. Aliandika sauti ya Kiaramu kisha papo hapo akaitafsiri kwa kitenzi cha Kigiriki kinachomaanisha kumtelekeza mtu, kumwacha nyuma peke yake. Na maneno yote yanatoka Zaburi ya 22, ambayo kwa Kiebrania inasema *azavtani*, umeniacha, umenitupa. Wayahudi walipoitafsiri zaburi hiyo kwa Kiaramu katika Targumi, neno waliloliweka mahali pa *azavtani* ni *shebaktani*. Kwa hiyo Yesu alikuwa akisali zaburi ya watu wake katika lugha ya nyumbani, naye alisema kile ambacho zaburi inasema.

Hamu ya kulilainisha neno hili si ya juzi. Kuna nakala kongwe ya Injili iliyohifadhiwa Cambridge, iitwayo Codex Bezae, ya takriban karne ya tano. Ndani yake, kwenye Marko, tafsiri ya Kigiriki imegeuka. Badala ya "mbona umeniacha" imesomwa "mbona umenishutumu". Iwe aliyeiandika hivyo kwanza alikuwa nani, nadhani mkono wake ulifanya kile ambacho koo la shangazi lilifanya: ulikataa kupita hapo. Ninamwelewa. Lakini shangazi hakubadilisha neno. Alinyamaza, akameza mate, akalisoma tena kama lilivyoandikwa, akakaa.

Basi hiyo maana ya kusaza iko wapi? Iko Danieli. Sehemu ndogo tu ya Agano la Kale iliandikwa kwa Kiaramu: nusu ya Danieli kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, kurasa chache za Ezra, mstari mmoja wa Yeremia, na maneno mawili ya Labani katika Mwanzo 31:47, pale alipolipa lile lundo la mawe jina la Yegar-sahadutha. (Hiyo *sahadutha* ni jamaa ya shahidi wetu, aliyetufikia kwa njia ya Kiarabu.) Katika sehemu hizo zote *shebak* inaonekana mara tano tu. Mara tatu kati ya hizo tano ni habari ya kisiki.

Nebukadreza anaota mti mkubwa unaofika mbinguni, ndege kwenye matawi, wanyama kivulini. Mlinzi anashuka kutoka mbinguni na kuamuru ukatwe, matawi yafyekwe, majani yapukutishwe. Halafu anaongeza amri ya pili: kisiki na mizizi yake *shebuku*, kiacheni ardhini, kikiwa na pingu ya chuma na shaba. Danieli anapoifasiri ndoto anaishika amri hiyo ya pili kwa mikono yote. Anamwambia mfalme: kwa kuwa waliamuru kisiki kiachwe, ufalme wako utabaki kwako.

Mimi ni mtu wa Dodoma, na sehemu hii sihitaji mwalimu. Kwetu kuna wakulima wanaorudisha miti kwa njia wanayoiita kisiki hai. Hawapandi mche hata mmoja. Wanatembea shambani wanatafuta visiki vilivyokatwa zamani ambavyo chini yake mizizi bado inavuta. Kisiki kikichipua vichipukizi kumi, wanachagua viwili au vitatu vilivyonyooka, wanapogoa vilivyobaki, wanafunga kitambaa kama alama ili mchungaji ajue hapo pasiguswe. Kisha wanakiacha. Nilimfuata mjomba wangu asubuhi moja akifanya kazi hiyo na panga fupi. Alikata, akasimama, akakata tena, na alipofika kwenye tawi alilolichagua akalipapasa kwa kiganja kutoka chini hadi juu, akasema, "Hili liache." Hakuna mtu angemsikia akasema mjomba amelitelekeza lile tawi. Kuliacha ndiko kulikokuwa kulitunza.

Ezra anatupa mfano mwingine, na huo unafurahisha zaidi kwa sikio la Kiswahili. Maadui wa Wayahudi waliandika barua kwa mfalme wa Uajemi, na kazi ya kujenga hekalu ikasimama. Kitenzi cha kusimama huko, Ezra 4:24, ni *betelat*, na mzizi wake b-t-l ndio uliotupa batili na kubatilisha. Kazi ilibatilika hadi mwaka wa pili wa mfalme Dario, yaani 520 KK. Kisha Dario anapekua hifadhi za nyaraka, anaikuta amri ya Koreshi, mfalme wa kabla yake, ya kulijenga hekalu, na katika 6:7 anawaandikia maofisa wake ng'ambo ya Mto Frati: *shebuku*, iacheni kazi ya nyumba hii ya Mungu.

Isome upesi. "Iacheni kazi." Mtu anayesikia nusu tu ya barua angedhani mfalme anaizuia tena. Kumbe anasema waondoe mikono yao, waiache iendelee. Hekalu likamalizika mwaka wa sita wa Dario, 515 KK. Sijui lugha nyingine ambamo amri hiyo inaweza kutafsiriwa na kubaki na mkanganyiko uleule mtamu. Kwetu "acha kazi" ni kujiuzulu, na "iache kazi" ni kuiruhusu, na tofauti tunaisikia bila kufundishwa.

Lakini maana iliyonivuta nisilale usiku ni ya nne, msamaha.

Katika Baba Yetu ya Kisiria, mahali tunaposema "utusamehe deni zetu", wao wanasema *wa-shebuk lan haubain*. *Hauba* ni deni na ni dhambi, neno moja kwa yote mawili, na ndiyo maana Mathayo ana deni na Luka ana dhambi katika sala ileile. *Shebuk* ni kitenzi chetu. Na *lan* ni "kwetu", "kwa ajili yetu". Hapo kwenye hiyo l ndogo pana jambo. *Shebaktani*, bila l, ni "umeniacha mimi". *Shebuk lan*, pamoja na l, ni "tuachie". Sisi kazi hiyo hatuifanyi kwa neno la pembeni, tunaifanya ndani ya tumbo la kitenzi: acha, achia, achilia. Irabu moja inaingia katikati, na mtu aliyekuwa ametupwa anakuwa mtu aliyefunguliwa. Mwalimu wangu wa darasa la tano aliita hiyo kauli ya kutendea akatupigia mistari ubaoni, nami sikuwahi kufikiri kwamba kauli ya kutendea inaweza kuwa habari njema.

Dukani kwa jirani yetu kuna daftari la madeni, lile la jalada gumu, limefungwa kwa mpira. Mama mmoja alikuwa na ukurasa wake: mchele, sabuni, mafuta ya taa, jumla shilingi 14,000. Akafiwa na mumewe. Baada ya arobaini alikuja na noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne ili aanze kulipa. Mwenye duka alilifungua daftari, akatafuta ukurasa, akachukua kalamu akapiga mstari kutoka pembe moja hadi nyingine. "Acha tu, mama," akasema. "Nimekuachia." Alitumia kitenzi mara mbili, kwanza bila kauli ya kutendea na kisha nayo, na mimi niliyekuwa nimefuata chumvi nilisikia Baba Yetu ikisaliwa kwa Kiaramu.

Kwamba maana hii ya kusamehe haikutungwa na Wakristo baadaye, tunao ushahidi wa ngozi. Katika pango la nne la Kumrani, pembeni mwa Bahari ya Chumvi, vilipatikana vipande vya maandishi ya Kiaramu yanayoitwa Sala ya Nabonido. Mfalme wa Babeli anasimulia jinsi alivyopigwa na ugonjwa mbaya kwa miaka saba huko Temani, akiomba miungu ya fedha na dhahabu, hadi alipotokea Myahudi mmoja. Mfalme anasema kwamba dhambi zake *shebak*, ziliachiliwa. Maandishi hayo ni ya kabla ya Yesu. Wasikilizaji wake wa Galilaya walipomsikia akimwambia mwenye kupooza kwamba amesamehewa dhambi zake, neno hili lilikuwa tayari masikioni mwao na kazi hiyo.

Peshitta, Biblia ya kale ya Kisiria, inalitumia bila kuchoka. Wavuvi *walishebak* nyavu zao wakamfuata. Mtu *atashebak* baba yake na mama yake aambatane na mkewe. *Shebuku*, waacheni watoto wadogo waje kwangu. Amani nawaachieni. Sitawaacha ninyi yatima, na hapo Kisiria kinasema *yatme*, neno ambalo mswahili yeyote analitambua kwa sura. Naijua hoja ya kwamba Peshitta ni tafsiri kutoka Kigiriki, kwa hiyo haituletei rekodi ya sauti ya Yesu. Ni kweli. Inatuletea jinsi watu wa lugha yake, au lugha ya ndugu yake wa karibu, walivyoisikia Injili.

Nao walisikia hivi. Neno la kwanza la msalabani, Luka 23:34, ambalo kwetu ni "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo", kwao ni *Aba, shebuk lehon*. Neno la nne ni *shebaktani*. Ukikaa katika kanisa la Kisiria Ijumaa Kuu, unamsikia mtu yuleyule, juu ya mti uleule, akimwambia Mungu kitenzi kilekile mara mbili. Waachilie wao. Mbona umeniacha mimi. Kiswahili chetu kimeyatenganisha kwa sababu "samehe" ilitufikia kutoka Kiarabu ikakaa mahali pake pazuri, na siitaki iondoke. Lakini nimeanza kuyasoma maneno hayo mawili kama jozi. Sitaki kusema kwamba la pili linajibiwa na la kwanza. Kilio kinabaki kilio, na yeyote anayekuja na kamusi ili kukinyamazisha namwomba aifunge kwanza. Ninachosema ni kwamba aliyelia alikuwa na neno moja tu kwa kuachwa na kwa kuachiliwa, na alilitumia kwa pande zote mbili.

Hapo ndipo nilipomrudia shangazi.

Kwa miaka mingi nilidhani kidonda chake ni kwamba aliachwa. Alinisahihisha siku moja nikiwa namsaidia kupura mtama. "Mwanangu," akasema, "kuachwa nilikuzoea. Kisichozoeleka ni kwamba hajaniachia." Alikuwa na maana hii: ndoa yao ilifungwa kanisani, mume alikwenda akaanza maisha mengine mbali, hakuandika, hakusema, hakurudisha chochote wala kudai chochote. Shangazi si mke wa mtu na si mtu huru. Vijana wa ukoo walipotaka kugawa shamba waliuliza, "Huyu tumhesabu wapi?"

Sheria ya Kiyahudi ililijua shimo hili. Kumbukumbu la Torati 24 inataka mwanamume anayemwacha mkewe amwandikie hati ya kuachana na kumpa mkononi. Hati hiyo huitwa *get*, na hadi leo mbele ya mahakama za marabi huandikwa kwa Kiaramu, mistari kumi na miwili, kwa mkono, kwa ajili ya mwanamke huyo mmoja na si mwingine. Kati ya maneno yake makuu kuna *shebakit*: nimekuacha. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inaiita hati hiyo barua ya *shebukin*, barua ya kuacha, na inasema kiini chake ni kwamba mwanamke sasa anaruhusiwa kuolewa na mtu yeyote. Mwanamke ambaye mumewe ametoweka au amekataa kuandika wanamwita *aguna*, aliyefungwa. Kwa hiyo mume anaweza kumwacha mke kwa miguu yake na asimwache kwa mkono wake. Nilipomweleza shangazi habari ya neno *aguna* alilirudia mara mbili, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

Nikaona nisiishie hapo, nikamsomea hati nyingine.

Katika Mto Nile, mbele ya mji wa Aswani, kuna kisiwa kiitwacho Elephantine. Karne ya tano KK kilikuwa na kambi ya askari Wayahudi waliowatumikia Waajemi, na jumuiya yao ilikuwa na hekalu lake, ikiandika kila kitu kwa Kiaramu: mikopo, nyumba, ndoa, ugomvi. Kati ya nyaraka zao za mafunjo kuna zile za familia ya Anania, mtumishi wa hekalu. Mmarekani Charles Edwin Wilbour alizinunua Aswani mwaka 1893, zikalala sandukuni mwake zaidi ya nusu karne, zikachapishwa mwaka 1953, na sasa ziko kwenye jumba la makumbusho la Brooklyn. Mke wa Anania aliitwa Tamet. Alikuwa kijakazi Mmisri wa mtu aitwaye Meshulamu, na aliolewa akiwa kijakazi bado, mwaka 449 KK. Hati inasema mkono wake wa kulia ulichorwa alama: *wa Meshulamu*.

Mwaka 427 KK, miaka 22 baada ya arusi, Meshulamu akiwa mzee aliamuru hati iandikwe. Nilikuwazia maishani mwangu, anamwambia Tamet. *Shebaktki*: nimekuacha huru nitakapokufa, na nimemwacha huru Yehoishma, binti yako uliyenizalia. Hakuna mwana wangu wala ndugu yangu atakayekuwa na amri juu yako kukutia alama au kukuuza. Umeachwa kutoka kivulini kwenda juani. Umeachwa kwa Mungu.

*Shebaktki. Shebaktani.* Kitenzi kimoja, nafsi zimebadilishana mahali. Kwa Tamet neno hilo ni mlango uliofunguka, kwa Yesu ni mlango uliofungwa, na katikati pana miaka 450 hivi na jangwa la Sinai. Hati ya Tamet ina masharti yake pia, sitaficha. Yeye na bintiye waliahidi kumtunza Meshulamu mpaka kufa kwake, kama mtoto amtunzavyo babaye, na baada yake kumtunza mwanawe Zakuri. Uhuru uliocheleweshwa na kuwekewa mzigo. Lakini uliandikwa, ukashuhudiwa na mashahidi waliotia majina yao, na leo umebaki kuliko wote waliouandika.

Shangazi alisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, ungo magotini, mtama nusu umepepetwa. Alinikatiza mara moja tu, penye jua na kivuli.

"Kwetu mtu akitolewa kivulini akapelekwa juani, ameonewa," akasema.

Nikamwambia asubiri, afikirie mtumwa, ambaye kivuli anachokaa si chake, ni cha mti wa bwana wake au cha ukuta wa bwana wake.

Alinyamaza. Akapepeta mara mbili tatu, makapi yakaruka, kuku wakasogea.

"Na ile alama ya mkononi," akauliza, "hati ilimfutia?"

"Hapana, Shangazi. Hati haikufuta ngozi."

Akautazama mkono wake mwenyewe, wa kushoto, kidole ambacho pete ilikaa hadi ikaacha mfereji. Kisha akaweka ungo chini.

"Rudia," akasema. "Anzia hapo penye jua."